Ngamia Haoni Nunduye: Somo la Kujitambua

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Katibu Msaidizi wa Chama cha Kiswahili

Mlezi wa chama chetu aliponiomba niandike makala ya mafunzo katika jarida la mwaka huu, nilitaka kuandika juu ya ngeli. Ngeli nazijua, na nilijua hakuna mtu atakayenikosoa. Mlezi akanitazama kwa muda kisha akaniambia, "Andika juu ya kitu kilichokufunza wewe kwanza." Basi ngeli nimeziacha. Nitaandika juu ya kujitambua, na nitaeleza jinsi nilivyokosana na rafiki yangu wa chanda na pete kwa sababu ya kutojitambua, ili wewe usipite njia hiyo hiyo.

MAANA YA KUJITAMBUA

Kujitambua ni kujua mambo matatu. Kwanza, ni kujua hisia zako zinapokujia: kwamba sasa nina hasira, sasa nina wivu, sasa naogopa. Pili, ni kujua tabia zako, uwezo wako na udhaifu wako, bila kuongeza chumvi na bila kupunguza. Tatu, ni kujua jinsi maneno na matendo yako yanavyowagusa wenzako. Wengi wetu tunadhani tukishajua jina letu, kabila letu na timu tunayoshabikia, basi tumejijua. La hasha!

Jambo hili si geni. Wagiriki wa kale walichonga katika hekalu la mungu wao Apollo, mahali paitwapo Delphi, agizo fupi la kumtaka mtu ajijue mwenyewe. Mwanafalsafa wao Socrates, aliyeuawa kwa sumu mwaka wa 399 kabla ya Kristo, alikuwa akizunguka mjini Athens akiwauliza watu maswali mpaka wagundue kwamba yale waliyodhani wanayajua hawayajui. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitaja stadi kumi za maisha ambazo vijana wanahitaji kufundishwa, na kujitambua ni mojawapo. Mwaka wa 1995 Daniel Goleman wa Marekani alichapisha kitabu juu ya akili ya hisia, na katika mambo matano aliyoyapanga, la kwanza kabisa ni kuzijua hisia zako mwenyewe. La mwisho ni kuishi vyema na watu. Hebu angalia mpangilio huo. Kuishi na watu kumewekwa mwisho kwa sababu mengine yote ndiyo msingi wake. Huwezi kuezeka nyumba ambayo haina kuta.

Hata hivyo, hatuna haja ya kwenda Ugiriki wala Marekani. Waswahili walilimaliza jambo hili kwa maneno machache: ngamia haoni nunduye, huiona ya mwenziwe. Nundu iko mgongoni, macho yako mbele. Ngamia si mwongo akisema haoni nundu yake. Kweli haioni! Lakini wote wanaotembea nyuma yake wanaiona.

SOMO KUTOKA KWA KIAMBISHI "JI"

Kwa kuwa jarida hili ni la Kiswahili, wacha kwanza tuone lugha yenyewe inasemaje. Darasani tulifunzwa kwamba kiambishi "ji" kikitiwa kabla ya mzizi wa kitenzi huonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. "Ninamkata" ni mimi na yeye. "Ninajikata" ni mimi na mimi. Sasa panga vitenzi vya "ji" katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza: kujiona, kujidai, kujigamba, kujitapa, kujifanya, kujishaua.

Fungu la pili: kujijua, kujisaili, kujikosoa, kujizuia, kujirudi.

Je, umeona tofauti? Neno "kujiona" kwa juu juu lingekuwa na maana ya kujitazama, lakini tukisema "yule anajiona" sote tunajua kwamba ana maringo. Vitenzi vyote vya fungu la kwanza ni vya mtu anayetaka kutazamwa na watu. Vya fungu la pili ni vya mtu anayejitazama mwenyewe. Nami nakipenda zaidi kitenzi "kujirudi." Mtu aliyekosea akakubali kosa na kubadili mwenendo, tunasema amejirudi. Ni kana kwamba alikuwa ameondoka ndani ya nafsi yake, akatembea mbali, sasa amerudi nyumbani.

Mimi mwaka jana nilikuwa mtu wa fungu la kwanza. Haya, sikiliza.

KISA CHENYEWE

Rafiki yangu huyu nitamwita Mwenzangu, kwa sababu hapendi jina lake lichapishwe. Tulikaa deski moja tangu siku ya kwanza ya Kidato cha Kwanza. Yeye alikuwa akinifunza hesabu, mimi nikimfunza insha. Saa nne tulikuwa tukigawana chapati moja, na jioni tulikuwa tukitembea pamoja mpaka stejini, yeye apande matatu nami niendelee kwa miguu.

Siku moja katika muhula wa pili, mwalimu wa Kiswahili alimwomba Mwenzangu asome ufahamu kwa sauti. Kifungu kilisema kwamba shangazi alishuka kutoka shambani. Sasa, katika lugha ya kwanza ya Mwenzangu hakuna sauti /sh/, kwa hivyo huitamka kama /s/. Akasoma: "Sangazi alisuka kutoka sambani." Mwalimu alikuwa ameupa darasa mgongo akiandika ubaoni. Mimi nikauliza kwa sauti, "Alisuka nywele za nani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Hata wale wanaolala somo la mwisho wakaamka. Mwalimu akageuka, akatunyamazisha. Mwenzangu akaimalizia aya ile kwa sauti ya chini na kuketi. Nami nilikuwa nimefura kwa furaha, nikidhani nimefanya mzaha mzuri, tena mzaha wa kisarufi.

Tangu siku hiyo Mwenzangu hakuinua mkono tena katika somo la Kiswahili. Aliacha kuja kwenye mikutano ya chama siku ya Alhamisi. Muhula wa tatu ulipofunguliwa nikamkuta amemwomba mwalimu wa darasa ampe deski lingine, nyuma kabisa, karibu na dirisha. Watu waliponiuliza kuna nini, niliwajibu, "Wacha tu, huyo hajui mzaha. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi." Nilitumia hata methali kumsema! Wiki nyingi nilitafuta kosa lilikuwa wapi, na kila mara nililitafuta kwake.

DIRISHA LA JOHARI

Mwaka huu, muhula wa kwanza, mwalimu wa ushauri nasaha alialikwa katika mkutano wa chama. Alichora ubaoni dirisha lenye vioo vinne akaliita Dirisha la Johari. Sisi wana wa Kiswahili tukafurahi. Tukajua ni johari ile yetu, yaani kito cha thamani, neno lililotujia kutoka Kiarabu. Kumbe sivyo! Dirisha hili lilibuniwa mwaka wa 1955 na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harry Ingham. Waliunganisha vifupisho vya majina yao ya kwanza, yaani Joe na Harry, likatoka Johari. Imetokea tu kwamba kwetu neno hilo ni kito. Lakini naona si vibaya sisi tukilichukua kwa maana zote mbili, kwa sababu anayejijua amepata kito kweli.

Vioo vinne vya dirisha hili ni hivi:

(a) Kioo cha uwazi. Hapa kuna mambo yangu ambayo mimi nayajua na wenzangu wanayajua. Mfano: kwamba napenda Kiswahili na kwamba hesabu zinanishinda.

(b) Kioo cha upofu. Hapa kuna mambo yangu ambayo wenzangu wanayajua, mimi siyajui. Hii ndiyo nundu ya ngamia.

(c) Kioo cha siri. Hapa kuna mambo ambayo mimi nayajua lakini wenzangu nimewaficha.

(d) Kioo cha giza. Hapa kuna mambo yangu ambayo hakuna anayeyajua, si mimi wala si wao. Mfano ni msichana mmoja mkimya wa darasa letu ambaye alipewa kuongoza kikundi cha sayansi kwa sababu tu kiongozi alikuwa mgonjwa. Ikaonekana ana uwezo wa kuongoza ambao hata yeye mwenyewe alikuwa haujui.

Jambo muhimu ni kwamba vioo hivi haviwi na ukubwa mmoja siku zote. Kioo kimoja kikipanuka, vingine hupungua. Ukiwauliza wenzako maoni yao na kuwasikiliza, kioo cha upofu hupungua na cha uwazi hupanuka. Ukimweleza mwenzako jambo ulilokuwa umelificha, kioo cha siri hupungua, na cha uwazi hupanuka tena. Watu wawili ambao vioo vyao vya uwazi ni vikubwa huelewana haraka, kwa sababu hakuna anayebahatisha mwenzake anawaza nini.

Baada ya maelezo mwalimu akatupa zoezi. Kila mmoja achukue karatasi, aandike jina lake juu. Nyuma ya karatasi aandike maneno matano yanayomweleza yeye mwenyewe, kisha aikunje yasionekane. Karatasi zizunguke, na kila mtu aandike neno moja au mawili kumhusu mwenye karatasi, bila kutia jina lake. Hakuna matusi.

Mimi nyuma ya karatasi niliandika: mkarimu, mcheshi, mwerevu, mwaminifu, mchapakazi. Karatasi iliporudi nikaisoma haraka haraka kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo. "Mcheshi" lilikuwepo mara nyingi. "Mwerevu" mara nne. Halafu nikaona "mdhihaki." Chini yake, kwa mwandiko mwingine, "huwacheka watu." Na pembeni, kwa herufi ndogo sana za penseli, "namwogopa."

Mpenzi msomaji, neno hilo la mwisho lilinichoma. Nilitamani kusema ni Mwenzangu ameniandikia ili kunilipiza. Lakini Mwenzangu hakuwa mle chumbani. Alikuwa ameacha chama mwaka mmoja karibu. Walioandika walikuwa watu wengine kabisa, watu ambao kila Alhamisi hucheka ninapotoa mzaha. Kumbe hata kicheko chao sikukijua! Wengine hucheka ili wasije wakachekwa wao.

UHUSIANO WAKO NA NAFSI YAKO

Watu wengi wakisikia kujitambua hufikiria kuelewana na wengine tu. Lakini mtu wa kwanza unayeishi naye ni wewe. Unalala naye na unaamka naye. Ukiwa hujamjua, atakutesa.

Baada ya siku ile nilijiuliza: mbona napenda sana kuwachekesha watu kwa makosa ya wengine? Nilikaa na swali hilo siku kadhaa kabla ya kupata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa kwenye kioo cha siri. Mwaka jana nilitumwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya pesa za chakula cha mchana. Viatu vyangu vilikuwa vimepasuka kando. Niligundua kwamba darasa likiwa linacheka mtu mwingine, hakuna anayenitazama miguu. Basi nikawa nahakikisha kila wakati kuna mtu mwingine wa kuchekwa.

Simwambii msomaji haya ili anihurumie. Nayasema kwa sababu tangu nilipojua sababu, ule mzaha umepungua nguvu. Zamani ulinitoka kinywani kabla sijafikiri. Siku hizi nausikia ukija, na nikiusikia ukija nina nafasi ya kuuzuia. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kujitambua: inakupa kipande kidogo cha muda kati ya hisia na tendo. Wahenga waliposema hasira hasara hawakusema usiwe na hasira. Walisema ujue inakupeleka wapi.

Faida ya pili ni kwamba unaacha kujilaumu ovyo. Kuna tofauti kati ya "nilifanya vibaya" na "mimi ni mbaya." Sentensi ya kwanza ina kitenzi, na kitenzi kinaweza kubadilishwa wakati: nilifanya, sifanyi, sitafanya. Sentensi ya pili haina mlango wa kutokea. Mtu anayejijua hutumia ya kwanza.

UHUSIANO WAKO NA WENZAKO

Nilichukua wiki mbili kupata ujasiri. Siku moja jioni nikamngojea Mwenzangu langoni, tukatembea. Nikaanza hivi: "Samahani kama ulikasirika ile siku."

Akasimama. Akasema, "Kama?"

Nikaona kweli. Nilikuwa naomba msamaha huku mguu mmoja nimeuweka mlangoni ili nikimbie. Nikaanza upya: "Nilikucheka mbele ya darasa. Nilikosa. Nisamehe."

Hakujibu mara moja. Tulipofika karibu na stejini akasema maneno ambayo sitayasahau: "Unajua wewe husema 'medhali' na 'hadidhi'? Tangu Kidato cha Kwanza. Sijakucheka hata siku moja."

Nikabaki kinywa wazi. Mimi? Katibu msaidizi? Nikalitamka neno polepole nikijisikiliza, na kwa mara ya kwanza maishani nikajisikia. Medhali! Katika lugha yangu ya kwanza sauti inayoandikwa "th" hutamkwa kama /dh/ ya Kiswahili, nami nilikuwa nimeibeba hivyo hivyo bila kujua. Ninaposimama kwenye mkutano nikasema "ninadhamini urafiki wetu," wenye masikio husikia kwamba nimejitoa kulipa deni la mtu, kwa maana kudhamini ni kusimama kwa niaba ya mwingine. Nilitaka kusema ninauthamini. Nundu yangu yote hiyo nilikuwa nikitembea nayo, nikiwaonyesha watu nundu zao.

Hapa nitakuwa mwalimu kidogo. Sauti /th/ na /dh/ zote hutamkwa ncha ya ulimi ikiwa menoni. Tofauti ni kwamba /dh/ ni ghuna na /th/ ni sighuna. Weka kidole kooni useme "dhahabu," utahisi koo linatetemeka. Sema "thelathini," ile /th/ haitetemeshi koo. Nazo /s/ na /sh/ zote ni sighuna, lakini /s/ hutamkwa kwenye ufizi na /sh/ nyuma kidogo kwenye kaakaa gumu. Ndiyo maana "suka" si "shuka" na "sindano" si "shindano." Mtu ambaye lugha yake ya kwanza haina sauti fulani hana kasoro ya akili wala ya ulimi. Ulimi wake umezoea nyumba nyingine tu. Sisi katika Kenya yenye lugha zaidi ya arobaini, kila mmoja wetu ana sauti yake inayomsumbua. Basi anayemcheka mwenzake anacheka huku amevaa shati lenye tundu mgongoni.

Jioni ile nilijifunza pia kwamba Mwenzangu alikuwa amejitambua kuliko mimi. Yeye alijua anatamka /s/ badala ya /sh/. Alikuwa akifanya mazoezi nyumbani, peke yake, akisoma kwa sauti. Siku ile ya ufahamu ndiyo aliyotaka kujaribu. Laiti ningelijua!

NYUMBANI NAKO

Wewe msomaji wa shule ya kutwa unajua kwamba sisi hatuna bweni la kujifichia. Kila jioni twarudi kwa wazazi, na huko ndiko tabia zetu huonekana zote.

Mwalimu wa ushauri nasaha alitushauri tuwe na daftari dogo. Kila ukikasirika, andika saa, mahali na sababu. Nilifanya hivyo kwa wiki mbili. Nilipohesabu, nilikuwa nimekasirika mara kumi na moja, na mara nane kati ya hizo zilikuwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, nyumbani. Nilikuwa nikidhani mama yangu hupenda kunigombeza. Daftari likasema jambo lingine: nilikuwa nafika nyumbani nimechoka, nina njaa, na neno la kwanza nililoambiwa, hata likiwa "umefika?", lilinikera.

Nikaenda kwa mama nikamweleza. Nikamwomba anipe nusu saa nikifika kabla ya kunituma. Mama akacheka akasema, "Na mimi nikitoka kibandani nani hunipa nusu saa?" Nikakosa la kusema. Mama huuza mboga tangu alfajiri, na hata siku moja sikuwa nimejiuliza anafika nyumbani akiwaje. Tukakubaliana: mimi nikifika kwanza nawasha jiko na kuchemsha chai, tunakunywa sote, halafu kazi zinaanza. Ugomvi haujaisha kabisa, lakini umepungua. Daftari la mwezi uliopita lina mara tatu tu.

Hapo utaona kwamba kujitambua hakuishii kwako. Nilipoanza kuuliza "mimi huwaje?" nilijikuta nimefika kwenye "na yeye huwaje?"

SEMA KWA NAFSI YA KWANZA

Sarufi ina nafsi tatu: mimi na sisi, wewe na nyinyi, yeye na wao. Chunguza ugomvi wowote darasani. Sifa zote zitakuwa katika nafsi ya kwanza, na makosa yote katika nafsi ya pili: "Wewe unapenda maneno! Wewe huna adabu!" Anayeambiwa hivyo hujitetea tu, naye hurudisha "wewe" nyingine, na vita havimaliziki.

Jaribu kugeuza. Badala ya "wewe ni mwizi wa vitabu," sema "niliingia darasani bila kitabu nikaadhibiwa, na niliumia." Umesema ukweli wako, na mwenzako hana la kupinga kwa sababu umeeleza moyo wako. Lakini huwezi kuzungumza hivyo kama hujui unahisi nini. Ndiyo maana kujitambua huja kwanza, mazungumzo baadaye.

TAHADHARI

Kwanza, si kila lisemwalo juu yako ni kweli. Mtu mmoja akikwambia una mkia, puuza. Watatu wasiokuwa maadui zako wakisema hivyo, geuka utazame.

Pili, si kila siri hufunguliwa mbele ya kila mtu. Chagua msikilizaji anayeweza kufunga kinywa. Lakini kama kuna jambo linalokuumiza au mtu anayekudhuru, usilifiche. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwendee mwalimu wa ushauri nasaha au mtu mzima unayemwamini.

Tatu, usijichunguze hadi ukasahau kuishi. Mkulima hang'oi mahindi kila asubuhi kutazama kama yana mizizi.

ZOEZI

1. Andika maneno matano yanayokueleza. Mwombe rafiki, ndugu na mzazi kila mmoja akuandikie matano. Ni yapi yamefanana, na ni yapi hukuyatarajia?

2. Weka daftari la hasira kwa wiki mbili. Je, kuna saa au mahali panapojirudia?

3. Taja vitenzi vingine vitano vyenye "ji" na uviweke katika fungu la kwanza au la pili.

4. Je, kuna mtu uliyewahi kumwomba msamaha kwa neno "kama"? Mwendee tena.

HITIMISHO

Kabla ya kumpa mhariri makala haya nilimpa Mwenzangu ayasome, kwa sababu kisa ni chake pia. Alikubali yachapishwe. Mwaka huu amerudi katika chama, ingawa bado hajasoma kwa sauti mbele yetu, na deski letu la zamani hajarudi. Sijamwomba arudi.

Nilikuwa nimeandika mwishoni kwamba amenisamehe na sasa sisi ni marafiki kama zamani. Alipofika hapo akatoa kalamu akaikata sentensi hiyo. Akasema, "Hilo bado hulijui. Andika kwamba tunatembea pamoja hadi stejini."

Basi nimeandika hivyo. Tunatembea pamoja hadi stejini. Njiani yeye ananisahihisha /th/ na /dh/, nami namsahihisha /s/ na /sh/, na hakuna anayemcheka mwenzake. Ikiwa katika mkutano ujao utanisikia nikisema "medhali," tafadhali usinyamaze. Niambie, lakini niambie taratibu.

Kalamu naiweka chini. Kwaherini.